SOMO LA UCHUKUZI: PAMBA KATI YA MIZANI MBILI

Pamba ya mkulima hupimwa mara mbili kabla haijageuka kuwa nyuzi. Mara ya kwanza hupimwa katika ghala la chama cha msingi, mwenyewe akiwapo. Mara ya pili hupimwa kiwandani, mbele ya watu asiowajua. Kati ya mizani hizo mbili ipo barabara, na juu ya barabara lipo lori. Makatibu wengi huzijua vema hesabu za mizani ya kwanza, na huisubiri kwa hamu karatasi ya mizani ya pili, lakini kilomita zilizo katikati huziachia bahati. Somo hili linahusu kilomita hizo. Mifano yake imetolewa katika Usukuma, nchi ya pamba iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, na hasa katika malori ya zamani yaliyobeba zao hilo. Madereva na wasaidizi wa malori yale walikuwa na desturi zao za kazi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa hesabu za chama, ingawa wao wenyewe hawakuziita hivyo.

Inafaa kukumbuka namna wakulima wa Usukuma walivyoingia katika ushirika. Malalamiko yao ya kwanza yalikuwa juu ya mizani ya wanunuzi. Vyama vya msingi vilipoenea, na shirikisho lao la Victoria Federation of Co-operative Unions lilipoanzishwa mwaka 1955, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, mizani ikawa mikononi mwa wakulima wenyewe. Hapo ndipo jambo la pili lilipojitokeza, yaani usafirishaji. Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza tangu mwaka 1928, na marobota ya nyuzi yaliweza kupakiwa katika stesheni na kupelekwa Dar es Salaam. Lakini pamba mbegu haikui stesheni. Hukua Nassa, hukua Ngudu, hukua Sengerema na Geita, mahali ambapo ghala la chama lilikuwa nyumba ya mabati iliyosimama peke yake pembeni mwa njia ya udongo. Kutoka hapo mpaka kiwanda cha kuchambulia, hapakuwa na chombo kingine isipokuwa lori.

Tena muda wenyewe ulikuwa mfupi. Ununuzi huanza yapata mwezi wa Juni, na mvua huanza kutazamiwa mwezi wa Novemba. Anayeijua mbuga ya Usukuma hana haja ya kuelezwa zaidi. Udongo ule mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuweza kumeza mguu, hugeuka kuwa ulimbo baada ya mvua moja tu. Lori lililopakiwa likizama humo siku ya kwanza, laweza kukaa juma zima. Mito kama Simiyu na Duma, ambayo wakati wa kiangazi huwa mchanga mtupu, hujaa kwa saa chache, na msafara wote hulala ukingoni ukingoja maji yapungue.

Ucheleweshaji huo haukuwa usumbufu wa dereva peke yake. Chama kilinunua pamba kwa fedha zilizotangulizwa na chama kikuu, nazo zilikuwa fedha za kuzunguka: pamba ikifika kiwandani na kupokelewa, fedha nyingine hutolewa ili kumnunulia mkulima anayefuata. Ghala likijaa na lori lisije, ununuzi husimama. Basi mkulima aliyekuja na mzigo wake baada ya ghala kujaa alirudi nyumbani bila senti, hali karo ya shule ikimngoja. Pengine alimlaumu katibu, na katibu akamlaumu dereva. Na dereva alikuwa amelala chini ya gari lake kilomita arobaini kutoka hapo, springi imevunjika.

Wazee wa Magu, Kwimba na Maswa wakisimuliana habari za malori hayo, aghalabu huyakumbuka kwa sauti. Palikuwa na Bedford, gari la Kiingereza lenye pua, ambalo umbo lake la pua fupi nene lilianza kuuzwa mwaka 1958. Mengine yalitumia petroli na mengine dizeli. Palikuwa na Albion, lililotengenezwa Glasgow katika Uskoti, ambalo alama yake ilikuwa jua linalochomoza. Kampuni ya Albion ilichukuliwa na Leyland mwaka 1951, na jina lake likafutwa katika magari mapya mwaka 1972, lakini magari yenyewe hayakuwa na habari ya kufutwa huko na yaliendelea kutembea. Baadaye wakaja Isuzu wa Kijapani, na Scania wa Sweden ambao hatimaye waliunganishwa hapa nchini, huko Kibaha. Mengi kati ya malori ya mwanzo yaliletwa yakiwa na chesisi na kichwa tu. Bodi iliundwa na maseremala wa mjini kwa mbao ngumu na vyuma vya kona, kisha ikapakwa rangi na kuandikwa maneno ya mwenye gari. Ubavuni, karibu na mlango, paliandikwa pia uzito wa gari likiwa tupu. Maandishi hayo madogo yatahitajiwa tena mbele katika somo hili.

Kuliendesha gari la namna hiyo ilikuwa kazi ya mwili mzima. Usukani haukuwa na msaada wowote wa mashine, na katika mchanga ulimchapa dereva mikononi. Gia za magari mengi ya kale hazikuingia kwa kusukumwa tu; ilimpasa dereva akanyage klachi, atoe gia, aiachie klachi, akisikilize kinu cha injini, aikanyage tena, ndipo gia ikubali. Aliyekosea alisikiwa na kijiji kizima. Kanuni ya mteremko ilikuwa moja: mlima hushukwa kwa gia ileile ambayo ingetumika kuupanda. Dereva aliyetegemea breki peke yake katika mteremko mrefu aliziunguza, na breki zilizoungua hazishiki tena.

Pembeni mwa dereva alikuwapo utingo, ambaye wengine humwita taniboi. Huyu ndiye aliyezungusha hendeli alfajiri wakati betri imekufa, akijua kwamba hendeli ikirudi nyuma yaweza kumvunja mkono. Ndiye aliyebeba debe la maji ya rejeta. Lori lilipopanda kilima kwa shida, alishuka na kutembea nyuma yake akiwa na kabari ya mti mkononi, tayari kuitupa chini ya gurudumu iwapo injini itazima. Tairi likipasuka, yeye ndiye aliyelala chini na jeki. Katika magari ya petroli, wengine waliondoa plagi moja ya injini na kufunga mahali pake pampu ndogo yenye mpira, ili injini yenyewe ijaze upepo. Kazi hiyo ilikuwa na hatari yake, kwa kuwa ringi ya chuma inayoshikilia tairi yaweza kufyatuka kwa nguvu ya kuua mtu. Utingo mwenye busara aliizungushia mnyororo kwanza, au aliigeuza ringi ielekee chini.

Mbele ya gari ulining'inizwa mfuko wa turubai uliojaa maji ya kunywa. Maji yalipenya kidogo kidogo katika kitambaa, upepo wa safari ukayakausha, na yaliyobaki ndani yakapoa. Hakuna aliyekunywa maji hayo saa nane mchana katika mbuga, kisha akayasahau.

Usiku ulikuwa na maisha yake. Malori yaliyofika kivukoni Kigongo baada ya kivuko cha mwisho yalijipanga mstari, na ng'ambo ya Busisi vivyo hivyo. Mawe matatu yaliwekwa, sufuria ikapanda, ugali ukasongwa na utingo mdogo kuliko wote, na samaki wakanunuliwa papo hapo ziwani. Hapo ndipo habari zilipopashanwa: daraja gani limeng'oka, ghala gani lina mzigo tayari, karani gani wa kiwanda huchelewesha kupokea. Siku hizi hapana anayelala hapo kwa ajili ya kungoja kivuko, maana daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa mwaka 2025. Hasara moja tu imepatikana katika faida hiyo kubwa, nayo ni kwamba mahali pa kupashana habari hapapo tena.

Si haki, hata hivyo, kuyasimulia maisha hayo kama kwamba yalikuwa matamu tu. Utingo wengi hawakuwa na barua ya kuajiriwa wala bima. Waliolala juu ya mzigo gari likiwa katika mwendo walianguka, na wengine hawakuamka tena. Abiria walipandishwa juu ya magunia kwa malipo ambayo hayakuandikwa popote, na gari lilipopinduka, waliokufa hawakuwa katika orodha yoyote. Moto nao ulikuwa adui wa peke yake. Cheche moja ya bomba la moshi, au kipande cha sigara cha mtu aliyeketi juu ya pamba, kilitosha. Tena moto wa pamba una hila: waweza kujificha ndani ya mzigo ulioshindiliwa, ukafuka polepole bila kuonekana, na kulipuka baada ya siku kadhaa mzigo ukiwa tayari umekwisha kuingizwa ghalani. Kwa hiyo dereva mwangalifu aliposhuku, alishusha mzigo wote barabarani, hata kama ni usiku.

Sasa imefika zamu ya daftari. Katika magari yaliyosimamiwa vizuri, dereva hakuondoka bila daftari la safari. Liliandikwa kwa penseli, likachafuka kwa mafuta, na mara nyingi lilifungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Ndani yake iliandikwa tarehe. Namba ya kilomita gari lilipoondoka na lilipofika. Lita za mafuta zilizotiwa. Idadi ya magunia na uzito wake. Saa ya kufika ghalani na saa ya kuondoka. Jina la aliyepakia na la aliyepokea. Dereva alitia sahihi, au alama ya kidole gumba. Makatibu wengi waliliona daftari hilo kuwa ni jambo la dereva na tajiri wake, na hapo walikosea sana. Daftari lile lilikuwa ndilo shahidi pekee wa yaliyotokea kati ya mizani mbili.

Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu, lakini hesabu zake ni za kawaida. Lori limeondoka ghalani likionyesha kilomita 41,236 na limerudi likionyesha 41,364. Limetembea kilomita 128. Ikiwa hutumia lita moja kwa kila kilomita 4, mafuta yaliyotumika ni lita 32. Ikiwa dereva amechukua lita 40, zipo lita 8 zinazotaka maelezo, nazo ni sawa na kilomita 32 za safari ambayo chama hakikuiagiza, au ni mafuta yaliyouzwa, au ni injini mbovu inayopaswa kufunguliwa. Daftari halisemi ni lipi kati ya matatu. Lakini bila daftari, hata swali lenyewe lisingeulizwa.

Mfano wa pili ni wa ujazo. Lori la tani 7 hubeba magunia 77 ya mahindi yenye uzito wa kilo 90 kila moja, na hapo limefikia uwezo wake. Pamba si hivyo. Pamba mbegu ni nyepesi na ina ujazo mkubwa. Bodi hujaa kabla ya uzito kutimia. Ndiyo sababu vijana waliingia ndani ya bodi na kuikanyaga kwa miguu, tabaka juu ya tabaka, wakiimba. Tuseme lori hilo, likikanyagwa vizuri, huchukua kilo 5,000 za pamba. Kwa lita 32, kila kilo 1,000 imetumia lita 6.4. Pamba ikitupwa ovyo bila kukanyagwa, lori likaondoka na kilo 2,500 tu, kila kilo 1,000 imetumia lita 12.8. Lori ni lile lile, njia ni ile ile, dereva ni yule yule, na gharama ya kila kilo imekuwa maradufu. Gharama hiyo hukatwa katika fedha za wanachama, ingawa hakuna mwanachama anayeiona ikikatwa.

Mfano wa tatu huwagusa makatibu wenyewe, na hawaupendi. Ghala lina tani 120. Lori likibeba tani 5 na kufanya safari mbili kwa siku, ghala huwa tupu kwa siku 12. Likifanya safari moja tu, ni siku 24. Mara nyingi kilichozuia safari ya pili hakikuwa gari. Lilifika ghalani likakuta magunia hayajashonwa, au pamba safi na fifi hazijatengwa, au mwenye ufunguo amekwenda msibani. Katika daftari jambo hilo huonekana wazi: amefika saa mbili asubuhi, ameondoka saa tisa alasiri. Chama kilichozoea kulalamika kwamba malori hayaji kingefanya vema kuanza kwa kuzisoma saa hizo.

Ubaki tofauti wa uzito. Ghala limeandika kilo 5,000, kiwanda kimeandika 4,950. Je, kilo 50 zimekwenda wapi? Pamba iliyonunuliwa ikiwa na unyevu hukauka na kupungua, hasa ikikaa siku nyingi. Lakini yawezekana pia kwamba imepunguzwa njiani, na mwizi mjanja huongeza maji au mchanga ili uzito usibadilike, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu huharibu nyuzi na kulipa sifa mbaya zao la chama kizima. Namna ya kutofautisha ilijulikana kwa watu wa zamani. Walitazama mzigo ulilala siku ngapi. Walitazama kama kamba za turubai zimefungwa kwa fundo lile lile la utingo. Nao walimpima mtu kwa mazoea yake ya safari zote. Pungufu linalotokea katika kila lori ni la unyevu au la mizani. Pungufu linalomfuata dereva mmoja ni la dereva.

Desturi hizo hazikufa kwa siku moja. Bei ya mafuta ilipanda sana duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mali zao, pamoja na malori, zikagawiwa mamlaka za mazao, kampuni za uchukuzi za mikoa na mashirika mengineyo. Kisha vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo vilihitaji magari mengi, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikaadimika. Malori yalipandishwa juu ya mawe. Moja lilinyofolewa nozeli ili kuokoa la pili, la pili likanyofolewa difu ili kuokoa la tatu, mpaka yadi nzima ikabaki na vichwa visivyo na macho. Maghala yalijaa pamba ya msimu uliopita wakati pamba mpya imekwisha kuchumwa. Madereva wa zamani walistaafu au walikwenda kwa matajiri binafsi, na madaftari yao yakafungiwa sukari madukani. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vikuu, lakini haikuweza kumrudisha mtu aliyejua kusikiliza springi.

Tangu biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, mambo yamebadilika tena. Vyama vingi havina lori lao, na mzigo huchukuliwa na magari ya kukodi. Njia kuu zina lami. Uzito wa magari hudhibitiwa katika mizani za barabarani, ambapo ekseli moja yenye matairi manne hairuhusiwi kuzidi tani 10, na gari lililopakiwa vibaya husimamishwa. Dereva ana simu mfukoni. Pamoja na hayo yote, pamba bado hupimwa mara mbili, na barabara bado ipo katikati.

Katibu wa leo asiyekuwa na gari la chama aweza kufanya mambo machache yasiyogharimu kitu. Gari linapofika, auandike uzito mtupu ulioandikwa ubavuni, kisha aulinganishe na ule utakaopimwa kiwandani baada ya kushusha. Tofauti kubwa baina ya namba hizo yafaa kuulizwa siku hiyohiyo, si mwisho wa msimu. Aandike saa ya kufika na saa ya kuondoka. Ahesabu magunia pamoja na utingo, wala si na dereva peke yake, kwa sababu utingo ndiye aliyeyapanga. Atoe hati ya mzigo nakala tatu: moja ya dereva, moja ya kiwanda, na moja ibaki. Tena daftari la safari za magari ya kukodi liwe la chama, na lilale katika sanduku la ofisi ya chama. Lisiende na gari.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

1. Katika msimu uliopita, ni saa ngapi kwa wastani gari lilikaa ghalani kwenu kabla ya kuondoka? Ikiwa hakuna anayejua, ni nani aliyepaswa kujua?

2. Lori limechukua kilo 4,800 za pamba na kutumia lita 36 za mafuta kwa kwenda na kurudi. Kila kilo 1,000 imetumia lita ngapi? Jibu hilo lilinganishwe na mifano iliyo katika somo.

3. Wazee waliopata kuwa madereva au utingo bado wapo katika vijiji vingi. Mmoja wao aalikwe kikundini, aulizwe namna alivyojua kwamba mzigo wake umeguswa usiku.

4. Karatasi ya kiwanda imeonyesha upungufu wa kilo 60 katika safari tatu kati ya kumi, na safari zote tatu zilikuwa za gari moja. Katibu amwandikie nani kwanza, na aambatishe hati zipi?